Yanayofuata Baada ya Kutia Saini: Ushirikiano wa Tiba ya Saratani na Mgonjwa wa Kanda ya Kati

Maandishi ya hotuba iliyotolewa na mfamasia mbele ya madiwani, watumishi wa afya na mashirika wadau, Dodoma

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, viongozi wetu wa dini, watumishi wenzangu wa afya, wawakilishi wa mashirika yanayoshirikiana na hospitali zetu, wanafunzi, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie ushirikiano unaolenga kuwafikishia tiba ya saratani wananchi wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Mada hii kwa kawaida hukabidhiwa daktari bingwa au mkurugenzi wa shirika. Mimi ni mfamasia, mtu wa stoo na dirisha la dawa, kwa hiyo nitaitazama kutokea hapo nilipo: kilichoahidiwa ni nini, kimepokelewa lini, kinakwisha muda lini, kimemfikia nani, na cha mwaka ujao kitalipiwa na nani. Msimamo wangu niuseme mapema. Mikataba mingi ya ushirikiano huandikwa kuhusu dawa na mashine, ilhali kinachomkosesha mgonjwa wetu tiba mara nyingi ni mambo madogo yaliyo kati yake na hiyo dawa, na hayo ndiyo tunayopaswa kudai yaandikwe kabla kalamu haijagusa karatasi.

Ukubwa wa tatizo hauna ubishi. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka 2022 dunia ilipata wagonjwa wapya wapatao milioni 20, na waliofariki kwa ugonjwa huu walikuwa milioni 9.7. Kwa Tanzania, makadirio hayo yanatoa wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 kwa mwaka, na saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa kinamama. Takwimu inayonisumbua zaidi, hata hivyo, ni ya watoto. Mtoto anayeugua saratani katika nchi tajiri ana uwezekano wa kupona unaozidi asilimia 80, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati uwezekano huo uko chini ya asilimia 30. Naomba tuikumbuke tofauti hiyo, kwa sababu dawa nyingi zinazotibu saratani za watoto ni za zamani, haki zake za hataza, yaani za mgunduzi kuzitengeneza peke yake, zilikwisha muda siku nyingi, na viwanda vinavyozitengeneza viko vingi. Kama ni hivyo, bei peke yake haiwezi kueleza kwa nini mtoto wa Kongwa anakufa na yule wa Ulaya anapona.

Ushirikiano wa aina hii si mgeni Afrika Mashariki. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, akifanya kazi Uganda, aliandika kuhusu uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wa huko, ugonjwa ambao leo unabeba jina lake. Mwaka 1967 ikaanzishwa Taasisi ya Saratani ya Uganda kwa kushirikiana na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, na mchanganyiko wa dawa uliojaribiwa Kampala ukawa sehemu ya elimu ya tiba ya saratani duniani kote. Nalisema hili kwa makusudi, maana tunapokaa mezani na wageni huwa tunajiweka upande wa wanaoomba, wakati historia inaonyesha kwamba watoto wa ukanda huu nao wametoa kitu kwa dunia. Rwanda nayo, mwaka 2012, ilifungua kituo cha saratani Butaro, hospitali ya wilaya iliyoko vijijini kabisa kaskazini mwa nchi, kwa ushirikiano wa wizara yao ya afya, shirika la Partners In Health na hospitali ya Dana-Farber ya Boston. Anayesema Dodoma ni mbali mno kwa huduma ya saratani akaitazame Butaro kwenye ramani.

Sasa niingie kwenye dawa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliingiza imatinib, kidonge cha saratani ya damu, na trastuzumab, dawa ya saratani ya matiti, katika orodha yake ya dawa muhimu, na mwishoni mwa mwaka 2019 likaithibitisha kwa mara ya kwanza trastuzumab iliyotengenezwa kwa kufuata ile ya asili, ili bei ishuke. Mwaka 2017 Jumuiya ya Saratani ya Marekani na taasisi ya Clinton inayoshughulikia upatikanaji wa huduma za afya zilifikia makubaliano na kampuni za Pfizer na Cipla ya kuuza dawa za saratani kwa bei iliyopunguzwa katika nchi sita za Afrika, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Kabla ya hapo kampuni ya Novartis, pamoja na taasisi ya Max Foundation, ilikuwa ikitoa imatinib bure kwa wagonjwa wa aina moja ya saratani ya damu katika nchi nyingi, na wagonjwa wetu waliipata Ocean Road, taasisi yetu ya saratani iliyoko Dar es Salaam. Mwaka 2022 kampuni hiyohiyo ilitoa leseni ya dawa ya nilotinib kupitia chombo cha kimataifa cha kugawana hataza, ikiwa ni mara ya kwanza kwa dawa ya saratani kupita njia hiyo. Hayo ni mafanikio ya kweli na sina nia ya kuyabeza. Kidonge cha imatinib kimewafanya watu waliokuwa wakihesabiwa siku waendelee kulima na kusomesha watoto.

Lakini angalieni trastuzumab inavyofanya kazi. Inamsaidia mgonjwa wa saratani ya matiti ambaye seli za uvimbe wake zina kipokezi kiitwacho HER2 kwa wingi, na hao ni kati ya asilimia 15 na 20 tu. Wengine wote ukiwapa dawa hiyo umewapa gharama na madhara bila faida. Ili umjue anayestahili ni lazima kinyama kikatwe, kihifadhiwe vizuri, kifike maabara ya patholojia, inayochunguza nyama na seli za mwili, kipakwe rangi maalumu na kisomwe na mtu aliyesomea kazi hiyo. Kwa hiyo mkataba unaotupa trastuzumab bila kutupa maabara umetupa ufunguo wa nyumba ambayo hatujajenga.

Naomba nikae kidogo hapo kwenye kinyama, kwa kuwa ndipo nilipoona mambo mengi yakiharibika. Kinyama kinapotolewa hutakiwa kuingizwa haraka kwenye fomalini, na fomalini hiyo iwe takribani mara kumi ya ujazo wa nyama yenyewe, kwenye chombo chenye mdomo mpana. Nimeona kinyama cha titi kikiletwa ndani ya kichupa cha dawa ya maji ya watoto, kimesukumwa kupita shingo nyembamba kikiwa laini, na baada ya kukakamaa kwa fomalini hakikuweza kutoka bila kichupa kuvunjwa. Nimeona vingine vimewekwa kwenye maji ya chumvi ya dripu kwa sababu fomalini iliisha tangu wiki iliyopita, na maji ya chumvi hayahifadhi seli, huziacha zioze. Nimeona lebo iliyoandikwa kwa peni ya kawaida, wino umeyeyuka, jina halisomeki. Kila mara aliyekibeba alikuwa ndugu wa mgonjwa, kakiweka kwenye mkoba, kapanda basi kutoka kijijini, kalipa nauli yake, na anayepokea ndiye anayepaswa kumwambia kwamba mama arudi akakatwe tena. Wengine hawarudi. Fomalini si dawa ya gharama, wala kopo lenye mdomo mpana si kitu cha kuagiza ng'ambo. Ila katika mikataba niliyopata kuisoma, hakuna aliyeviandikia fungu.

Mashine za mionzi nazo zina siri zake. Mashine ya kobalti, ambayo nchi nyingi za Afrika zilianza nayo, hutumia chanzo cha mionzi kinachojipunguza chenyewe usiku na mchana, hata kama imefungiwa chumbani na hakuna anayeitumia. Kila baada ya miaka mitano na miezi kadhaa nguvu yake hubaki nusu. Mgonjwa aliyekuwa akilala mezani dakika mbili atalala dakika nne ili apate dozi ileile, na akiongezeka muda yeye, foleni yote nje inaongezeka. Kwa hiyo anayekupa mashine ya kobalti bila kusema nani atabadilisha chanzo baada ya hiyo miaka mitano amekupa msaada unaoisha huku ukiutazama. Mashine mpya za LINAC, zinazozalisha mionzi kwa umeme, hazina tatizo hilo, nazo zinalenga uvimbe kwa usahihi zaidi, lakini zinataka umeme usioyumba, mfumo wa kupozea unaofanya kazi wakati wote, mwanafizikia wa tiba na fundi anayeweza kufika kabla wagonjwa hawajakosa vipindi vyao.

Majirani zetu wa Uganda walipitia hayo mbele ya macho yetu. Mwaka 2016 mashine yao pekee ya mionzi, ambayo ilikuwa imetumika zaidi ya miaka 20, iliharibika isitengenezeke. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu bure wagonjwa 400, jambo la kushukuru, lakini nchi nzima ilibaki bila mashine yake hadi mwanzoni mwa mwaka 2018. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lililosaidia kuipata mashine mpya, mwezi Februari 2022 lilizindua Addis Ababa mpango wa Miale ya Matumaini, wakati ambapo zaidi ya nchi 20 za Afrika hazikuwa na tiba ya mionzi hata kidogo. Sisi hapa nchini tunajivunia kwamba mashine za LINAC zilizoanza kazi Ocean Road mwaka 2018 zilinunuliwa kwa fedha za serikali yetu. Nami najivunia. Swali langu kwa kila mashine, ya msaada au ya kununua, linabaki lilelile: mkataba wa matengenezo una miaka mingapi, na mwaka wa kwanza baada ya kwisha kwake umo kwenye bajeti ya nani?

Waheshimiwa madiwani, mionzi haitolewi siku moja. Mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi huchomwa mionzi siku tano kwa wiki, wiki tano au zaidi. Kwa mtu wa Chemba, Mpwapwa au Manyoni, rufaa ya Ocean Road maana yake ni kuhama nyumbani kwa zaidi ya mwezi. Kutoka hapa Dodoma mjini hadi Dar es Salaam ni kilomita 450 hivi, na huyo bado hajatoka kijijini kwake kufika hapa. Akifika anahitaji mahali pa kulala, chakula, na mtu wa kumsindikiza. Mnajua pia kwamba kanda yetu ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili. Mama akiambiwa mwezi Januari aende akakae Dar es Salaam wiki sita, anachokiona mbele yake ni shamba la uwele lisilopaliliwa na mwaka mzima wa njaa. Atasema, "Nitaenda nikishavuna." Anapovuna, ugonjwa umeshasogea hatua nyingine. Tusimlaumu kwa kukosa elimu, maana hesabu aliyoipiga ni sahihi kwa mtu mwenye shamba moja na msimu mmoja.

Hapa niseme jambo la pembeni. Tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya umeme inatoka Dodoma asubuhi na kufika Dar es Salaam kabla ya chakula cha mchana. Hakuna aliyeuita mradi huo mradi wa afya, na sijui kama kuna mfadhili wa saratani aliyewahi kuufikiria. Kwa mgonjwa mwenye kidonda, ambaye hawezi kukaa kwenye kiti cha basi siku nzima, tofauti ni kubwa kuliko ya miradi mingine tuliyoizindua kwa ngoma. Shirika likiniuliza linisaidie nini, nitaliomba tiketi za treni na vitanda vya kulala wagonjwa karibu na hospitali, kabla sijaomba boksi jingine la dawa.

Kuna ushirikiano ambao ninaupenda na ningependa tuuige. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kimekuwa kikitengeneza mafuta ya kuzuia jua yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao saratani ya ngozi huwakatisha maisha wakiwa bado vijana. Wazo lilianzishwa na mfamasia mwenzangu kutoka Hispania, kampuni ya kemikali ya BASF ya Ujerumani ikachangia malighafi na utaalamu, na shirika la Standing Voice likawa miongoni mwa wanaoyafikisha kwa watumiaji kupitia kliniki za ngozi mikoani. Kinachonivutia ni kwamba mafuta yenyewe yanachanganywa na kupakiwa hapahapa na Watanzania. Mafuta ya msaada yanayokuja kwa makontena huja mwaka mmoja na kukosekana mwaka unaofuata, na mengine yametengenezwa kwa ajili ya watu wanaokwenda kuota jua ufukweni siku chache kwa mwaka. Haya yametungwa kwa ngozi ya mtu anayeshinda juani, na uzalishaji wake unapangwa kufuatana na idadi ya watu waliosajiliwa kliniki. Jua la Dodoma mnalijua. Mtoto mwenye ualbino anayechunga mbuzi Bahi anahitaji mafuta hayo mwaka mzima, pamoja na kofia pana, na mwalimu anayemruhusu kukaa mbali na dirisha.

Na hapa kwetu tuna mfano. Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kupandikiza figo mwaka 2018 kwa kushirikiana na madaktari wa Tokushukai kutoka Japani, na mwaka 2023 ikaanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Si saratani, nakubali, ila kuna la kujifunza kuhusu namna ya kumpokea mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtaalamu aliyekuja kupasua aondoke akiwa amemwachia kisu mpasuaji wetu, na ratiba ya kufanya hivyo iwe na tarehe. Madaktari wanaokuja kwa wiki moja, wakatibu foleni ndefu na kuondoka na picha, wanawasaidia waliokuwa kwenye foleni wiki hiyo. Tuwashukuru kwa hilo, lakini tusiite hilo kujenga huduma.

Kuhusu chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi sitasema mengi, kwa sababu ndilo eneo tunalokwenda vizuri. Tulianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima mwaka 2018 kwa msaada wa Gavi, ubia wa kimataifa wa chanjo, na mwaka 2024 tukahamia kwenye dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Viongozi wa dini mliosimama mimbarini na madhabahuni kukanusha uvumi wa ugumba, mlifanya kazi ambayo hakuna fedha ya mfadhili ingeifanya.

Upande wa watoto, Shirika la Afya Duniani na hospitali ya St. Jude ya Marekani walitangaza mwaka 2021 mpango wa kupeleka dawa za saratani za watoto bila malipo katika nchi zenye uwezo mdogo, na St. Jude ikaahidi dola milioni 200. Mwaka 2025 dawa za kwanza zilifika Mongolia na Uzbekistan. Mpango kama huo hauanzi na dawa, huanza na maoteo: watoto wangapi, wa aina gani ya saratani, wenye uzito gani, kwa miezi mingapi. Hapo ndipo mfamasia anapokosa usingizi. Dawa ya msaada isiyotanguliwa na daftari la wagonjwa huishia kuteketezwa kwenye tanuri, na kuiteketeza nako kuna gharama, kwa maana dawa za saratani ni sumu na haziruhusiwi kutupwa ovyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za msaada zifike zikiwa zimebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Kifungu hicho tusione haya kukisoma mbele ya mgeni.

Nisisahau maumivu. Wagonjwa wetu wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, na kwa hao tiba iliyo ndani ya uwezo wetu leo hii ni mofini ya maji. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Anne Merriman, ilionyesha kwamba mofini inaweza kuchanganywa kutokana na unga kwa gharama ndogo sana, na Uganda ikabadilisha kanuni zake ili wauguzi waliosomea wawe na ruhusa ya kuiandika. Bado nakutana na watumishi wanaoogopa mofini kuliko wanavyoogopa kilio cha mgonjwa. Mdau anayetaka kuanza na jambo ambalo halihitaji jengo wala umeme aanze na hilo: mafunzo, unga, chupa, na kabati lenye kufuli mbili katika kila hospitali ya wilaya.

Mheshimiwa Mwenyekiti, rasimu ya makubaliano iliyo mbele ya mkutano huu nimeisoma. Ina kurasa nzuri kuhusu dawa na vifaa. Naomba tusiipitishe kabla haijaongezwa fomalini na makopo kwa kila hospitali ya wilaya ya Dodoma na Singida, nauli na malazi ya mgonjwa pamoja na msindikizaji wake kwa muda wote wa mionzi, mtaalamu mmoja wa maabara ya patholojia anayesomeshwa na kuajiriwa na serikali kabla mradi haujafikia nusu, na kiasi ambacho halmashauri zetu zitaanza kuchangia kuanzia mwaka wa pili. Hilo la mwisho linatuhusu sisi tuliomo humu ukumbini, waheshimiwa madiwani, na vikao vyenu vya bajeti viko karibu. Nimemkabidhi katibu karatasi yenye makadirio ya kila kimoja ili kamati iyapitie mchana huu, na nitakuwepo hadi jioni kwa atakayekuwa na swali.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.